Boti ya Pangaboi: Msukumo Kwanza, Farasi Baadaye

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern, safari namba 401, ilianguka katika kinamasi cha Everglades, karibu na Miami, Marekani. Ilikuwa na watu 176. Hapakuwa na barabara ya kufika pale. Maji yalikuwa ya kina kifupi, matope chini, majani marefu kila upande. Mtu wa kwanza kuwafikia majeruhi alikuwa Bud Marquis, aliyekuwa akiwinda vyura gizani kwa boti yake. Aliungua mikono akiwatoa watu majini, na taa yake ya kichwani ndiyo iliyowaonyesha marubani wa helikopta mahali pa kuja. Watu 75 walinusurika.

Boti ya Marquis haikuwa na rafadha majini. Ilikuwa na kitako bapa na pangaboi la kusukuma hewa nyuma. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1905 kikundi cha Alexander Graham Bell kilijaribu chombo cha namna hiyo huko Nova Scotia, Kanada. Katika miaka ya 1940 wafanyakazi wa hifadhi ya ndege ya Bear River, Utah, walijitengenezea boti za aina hii ili wawafikie ndege wagonjwa kwenye vinamasi. Tangu hapo boti nyingi za pangaboi zimetoka mikononi mwa mafundi wa uani, na mpaka leo Florida na Louisiana zimejaa watu wanaojiundia zao.

Anayetaka kuunda boti hiyo huanza kwa kuuliza: nifunge injini ya farasi wangapi? Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: pangaboi litasukuma kilo ngapi, na boti nzima itakuwa na kilo ngapi?

Hewa ni nyepesi kuliko maji kwa karibu mara 800. Ndiyo maana rafadha ya kipenyo cha sentimita 30 inatosha kukimbiza boti ya kawaida, ilhali pangaboi huhitaji karibu mita mbili na bado linakula mafuta zaidi. Gharama hiyo inalipwa kwa sababu moja tu, kwamba boti hii inapita pale rafadha isipoweza. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua vizuri magugumaji yanavyoisokota rafadha mpaka injini ikazimika.

Sasa, msukumo unatoka wapi? Pangaboi hukamata hewa iliyo mbele yake na kuitupa nyuma. Likitupa hewa nyingi kwa kasi ya wastani, unapata msukumo mkubwa kwa nguvu kidogo. Likitupa hewa kidogo kwa kasi kubwa mno, sehemu kubwa ya nguvu ya injini inaishia kwenye upepo unaokwenda zake. Mpiga kafi analijua jambo hili mkononi: kafi lenye bapa pana linaisogeza ngalawa, lakini fimbo, hata ukiipiga kwa hasira, inachuruza maji tu.

Tuchukue hesabu. Injini ya farasi 100 inayozungusha pangaboi la kipenyo cha mita 1.83 (inchi 72) ingetoa, kwa hesabu kamilifu ya vitabuni, msukumo wa kilo 334 boti ikiwa imesimama. Pangaboi halisi lililotengenezwa vizuri hutoa zaidi kidogo ya asilimia 70 ya hapo, tuseme kilo 240. Injini hiyo hiyo ukiifunga pangaboi la mita 1.3, unabaki na kilo 190 hivi. Umepoteza kilo 50 za msukumo bila kugusa injini.

Tazama pia upande wa pili. Ukiongeza nguvu ya injini mara mbili kwa pangaboi lile lile, msukumo hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa asilimia 60 hivi, kutoka kilo 240 hadi 380. Ili uufikishe mara mbili, unahitaji injini yenye nguvu karibu mara tatu. Wengi wanaumia hapa. Wanauza injini ndogo, wanachomoa injini kubwa ya silinda nane kwenye gari bovu, wanaongeza uzito wa kilo 150 pamoja na rejeta na maji yake, halafu wanashangaa boti haijabadilika kwa kiasi walichotarajia.

Kwa nini basi tusifunge pangaboi kubwa moja kwa moja kwenye injini ya gari? Ncha za panga ndizo zinazokataa. Injini ya gari hutoa nguvu zake nyingi ikiwa kwenye mizunguko kama 4,800 kwa dakika. Pangaboi la mita 1.83 likizungushwa hivyo, ncha zake zitakwenda mita 460 kwa sekunde, na sauti husafiri mita 340 tu. Kabla ya kufika huko, panga huanza kupiga kelele kali na kula nguvu bila kusukuma, na nguvu ya kuzivuta nje inaweza kuzing'oa. Hilo la mwisho linaua watu. Kwa hiyo injini ya gari lazima ipite kwenye giaboksi au mkanda wa kupunguza mizunguko. Ukipunguza kwa nusu, pangaboi linazunguka mara 2,400 kwa dakika na ncha zinakwenda mita 230 kwa sekunde. Injini za ndege kama Lycoming hazihitaji kifaa hicho kwa sababu zimeundwa kutoa nguvu kwenye mizunguko 2,700 au chini. Kwa mtu mwenye uwezo, hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote, ila vipuri vyake ni ghali.

Jambo jingine kuhusu injini ya gari: barabarani haitumii nguvu zake zote isipokuwa kwa dakika chache, kwenye mlima au wakati wa kulipita lori. Kwenye boti itafanyishwa kazi nzito kwa muda mrefu. Rejeta iwe kubwa, ikae mahali hewa inapopita, na usiamini namba ya farasi iliyoandikwa kwenye karatasi za injini iliyokwisha kuzeeka.

Pembe ya panga nayo ina lake. Ikiwa kali mno, injini inalemewa na haifikii mizunguko yake. Ikiwa ndogo mno, injini inalia tu na boti haiendi. Nunua pangaboi ambalo panga zake hurekebishwa pembe, uongeze au upunguze nyuzi moja moja, na panga zote zilingane sawasawa. Zikitofautiana, mtetemo utalegeza kila bolti.

Tuje kwenye boti yenyewe. Boti ya urefu wa mita 4.2 ikisukuma maji pole pole hutengeneza wimbi, na ikifika kasi ya kilomita 9 kwa saa, wimbi hilo linakuwa na urefu sawa na boti. Omo linainuka, tezi linazama, na boti iko kama inayopanda kilima cha maji. Boti dhaifu inabaki hapo hapo, ikipiga kelele. Yenye msukumo wa kutosha inavuka, inatambaa juu ya maji, na ghafla inakuwa nyepesi. Kwa maji matupu, msukumo wa robo ya uzito wote huweza kuivusha. Kwa majani mazito na matope, mimi nisingeunda chini ya asilimia 40, na bamba la plastiki ngumu ningelifunga chini ya kitako ili kuteleza. Kitako chenyewe kikague kwa rula ndefu iliyonyooka: bonde dogo karibu na tezi linatosha kulizamisha omo ukiwa kasini.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kilo 240 kwa boti ya kilo 600, watu wawili na mafuta vikiwemo, ni asilimia 40 kamili. Ondoa kilo 100 za vyuma vizito, ukatumia alumini na viti vyepesi, unafika asilimia 48. Injini ya farasi 200 iliyoongeza kilo 150 ingekupa asilimia 51. Tofauti hiyo ndogo hailingani na gharama yake.

Uzito ukae nyuma na chini kadiri inavyowezekana, kwa sababu pangaboi linasukuma juu ya maji na hulikandamiza omo. Kumbuka pia kwamba chombo hiki hakina breki wala gia ya kurudi nyuma. Ukikata mafuta ghafla, wimbi ulilotengeneza linakufuata na kumwagika ndani kupitia tezi. Punguza taratibu, na jaza maboya chini ya sakafu. Wavu wa pangaboi uzunguke pande zote, kila nati ifungwe isifunguke, kofia na funguo zisiachwe ovyo mbele yake, na swichi ya kuzima injini ifungwe kwa kamba mkononi mwa dereva. Masikio nayo yafunikwe.

Kabla ya kununua injini nyingine, ifunge boti kwa kamba nene kwenye mti imara ufukweni, weka katikati mizani ya kuning'iniza, watu wote wakae mbali na mstari wa pangaboi, kisha kanyaga mafuta na usome kilo. Zigawe kwa uzito wa boti iliyojazwa. Jibu likiwa chini ya asilimia 40, anza na pembe za panga, kisha kipenyo, kisha uzito. Injini iwe ya mwisho.