Moyo unaoanza kuugua kooni

Ukimtajia mchimbaji wa machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo ugonjwa wa moyo, humfikiria bosi wa mjini mwenye kitambi. Yeye anashuka duarani, yaani shimo la kuchimbia, kwa kamba na kupandisha viroba vya mawe kutwa nzima. Moyo wake utaugua nini? Siku akianza kuhema kwa kupanda kilima kidogo, na miguu ikavimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo, ataambiwa ni TB, au amerogwa.

Dkt. Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika Hospitali ya Muhimbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Presha iliongoza kwa asilimia 45. Magonjwa ya misuli ya moyo yalifuata kwa 28, kisha milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, 12. Kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, maradhi tunayomwachia yule bosi, yalikuwa asilimia 9 tu. Na wagonjwa hao wote 427 walikuwa na wastani wa miaka 55, umri ambao mtu bado anasomesha watoto.

Kundi la baridi yabisi ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mlango wake wa kuingilia ni koo la mtoto. Machimboni familia hubanana katika vyumba vidogo, watoto wanalala mkeka mmoja, na bakteria aina ya streptokokasi hupita kwa kikohozi na mate. Mtoto anashindwa kumeza ugali, shingo inavimba tezi. Bibi anampa maji ya chumvi asukutue; wengine wanampeleka kukatwa kimeo. Siku chache baadaye koo limepona lenyewe, na kila mtu anaamini tiba imefanya kazi.

Wiki mbili au tatu zikipita, goti linavimba. Limetulia, sasa ni kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Kinga ya mwili iliyoamka kupigana na bakteria imegeukia viungo, na katika moyo inashambulia ile milango inayozuia damu isirudi ilikotoka. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na kila inaporudi huongeza makovu. Msichana aliyeugua akiwa na miaka tisa anaweza kuonekana mzima kabisa hadi abebe mimba, damu iongezeke mwilini, na pumzi imkatike usiku akiwa amelala chali.

Koo hilo lingetibiwa kwa penisilini mapema, habari ingeishia pale. Hata mtoto ambaye homa imeshampata husaidiwa kwa sindano ya dawa hiyo kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kazi kubwa ni kutokatisha, na watu wa machimbo huhama kila wakisikia dhahabu imetoka kwingine.

Kisha kuna vumbi. Karasha, mashine ya kusaga mawe, likiwashwa, mawe makavu yanasagwa na wingu jeupe linawafunika waliosimama karibu, mara nyingi kina mama wenye khanga puani. Chembe za silika ni ndogo mno kwa khanga kuzizuia. Mapafu hukakamaa, na upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda huko, hulemewa mpaka ushindwe. Mapafu hayo pia hupata TB kwa urahisi, na TB yenyewe huweza kujaza maji kwenye mfuko wa moyo. Kulowesha mawe hupunguza vumbi sana, ila huko machimboni maji ni ya kununua.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili Mei 2008. Kabla yake wagonjwa walipelekwa India. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na wataalamu wake hutoka Dar es Salaam kwenda mikoani. Nawashukuru kwa dhati. Lakini kwa Mwakitolyo ningeanza na kipimo cha presha, iliyoongoza kule Muhimbili. Kifungwe mkononi palepale kwenye makarasha, wachimbaji wakisubiri zamu, na anayezidi 140 kwa 90 arudiwe siku nyingine kabla ya kuandikiwa dawa. Mwalimu naye ajue kwamba mwanafunzi mwenye koo linalouma na homa anapelekwa zahanati siku hiyohiyo. Na mama aliyejifungua, akivimba miguu na kushindwa kulala bila mito miwili, apimwe moyo kabla hajaambiwa ni uchovu wa uzazi.