Woga wa Utafiti (4): Boyi wa Elisabethville Hakusoma Metodolojia

Katika sehemu tatu zilizotangulia tuliona swali la utafiti linavyozaliwa, hojaji inavyotofautiana na mahojiano, na kwa nini kunakili memwari, yaani tasnifu, ya mwenzako ni wizi hata kama mwenye memwari ni shemeji yako. Sirudii. Leo nilikusudia kuandika juu ya sampuli, lakini kobalti imeniingilia.

Msomaji anayajua yaliyotokea. Mwezi wa pili mwaka 2025 serikali yetu ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Ilipokwisha ikaongezwa tena, hadi tarehe 16 Oktoba ulipoanza mgao: tani 18,125 kwa siku zilizobaki za mwaka ule, kisha tani 96,600 kwa kila mwaka, 2026 na 2027. Tangu hapo simu yangu haitulii. Wanafunzi wa masafa, wale wanaoshinda kazini machimboni, dukani au hospitalini na kusoma usiku kwenye simu, kila mmoja anataka kuandika juu ya mgao. Mada wanayo, na mji wa mada wanalala ndani yake. Wakifika kwenye moduli ya metodolojia, wanakwama.

Dada mmoja wa Manika, karani wa duka la vipuri, alinipigia akinong'ona kama anayeungama kwa padri. "Papa, mimi hesabu sizijui." Nikamwambia agawanye 96,600 kwa 12. Kimya. Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi, kisha akasema 8,050. Basi, nikamwambia, umekwisha kujua kwa wastani ni tani ngapi zinaruhusiwa kutoka nchini kila mwezi, nayo ni hesabu ya darasa la tano. Sasa nenda kwa akina mama wanaoosha mawe ya madini, uwaulize mwezi wao umekuwaje. Akacheka, halafu akalitoa lile neno linalonikera kuliko yote: "Lakini mimi si mtafiti, Papa. Nitaanzaje?"

Ndiyo maana leo tunarudi kwa André Yav. Najua nimekwisha kumtaja mara mbili. Mhariri ananitania kwamba nikiachiwa nitamtaja hata kwenye matangazo ya vifo. Anisamehe.

Mwaka 1965, pale Elisabethville ambayo mwaka uliofuata iligeuzwa jina kuwa Lubumbashi, kilitoka kijitabu kilichopigwa taipu, kinaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili chetu cha Katanga. Ukikidhania kamusi umepotea. Ni historia ya mji, tangu enzi za Mfalme Léopold na Msiri, ikisimuliwa kutoka upande wa jikoni. Yav alikuwa boyi, mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, na aliandika kwa niaba ya wenzake, watumishi wa zamani wa nyumbani. Na boyi anajua mambo! Anajua bwana anakula nini, anamwogopa nani, anamlipa mpishi kiasi gani, na anasema nini mezani akidhani mtu aliyesimama na sahani nyuma yake hana masikio. Lakini Yav hakutosheka na ya macho yake mwenyewe. Ndani ya kijitabu mnasikika wazee waliotumikia kabla yake, na yanayosemwa pale hayakuwa kwenye ripoti ya kampuni wala kwenye barua ya misioni.

Mwanafunzi wangu, hebu pima. Alikuwa na swali: mji huu ulijengwaje, na nani aliumia? Alikuwa na watu wa kuwauliza. Alikuwa na sababu ya kuaminiwa nao, maana alikula chumvi ile ile. Aliandika ili wenzake wasome. Hayo ndiyo mambo ambayo moduli yako inayaita tatizo la utafiti, walengwa, uhusiano na wahojiwa, na usambazaji wa matokeo. Yav hakuyapa majina, akayafanya.

Upande wa maandishi alikuwa na taabu zake. Maneno yameungana pasipostahili, mengine yamekatwa katikati, na nukta ni za kutafuta kwa tochi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kukichapisha kwa wasomaji wa nje, alihangaika nacho. Dawa aliipata kwa Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, aliyeyasoma maandishi yale kwa sauti yakarekodiwa. Sauti ikaunganisha kilichokatwa na ikatenganisha kilichogandamana. Kitabu kikatoka mwaka 1990, Yav akiwa mbele na maelezo ya wasomi nyuma yake. Nawaambia hili wanafunzi wanaodhani profesa hakwami. Alikwama, akamwita mwenye lugha.

Hapo ndipo hasira yangu inapopandia. Kijana wa Dilala anaweza kukutajia wanasosholojia watano wa Paris bila kuvuta pumzi, lakini Yav hamjui, na babu yake mwenyewe aliyeshusha kivunja-mwamba shimoni hajawahi kumwuliza swali hata moja. Union Minière, kampuni ya migodi, ilimaliza mwaka wake wa mwisho hapa 1966. Januari 1967 dola ikaichukua, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kijana aliyeingia kazini mwaka ule akiwa na miaka 18 leo anakaribia themanini. Kuna wangapi Kapata? Wangapi Luilu? Kila juma napita msibani, na kila msibani nasikia mtu akisema mzee alikuwa na hadithi. Alikuwa nazo. Nani alizirekodi, wakati kila mtu mfukoni ana mashine nzuri kuliko ile iliyosomewa kitabu cha Yav?

Nirudi njiani. Au nizunguke tena kidogo, kwa kuwa Musonoi iko karibu.

Huyo huyo Fabian alifika kwetu Musonoi mwaka 1966, naye akiwa mwanafunzi. Alikuwa anatafuta udaktari wake wa Chicago, na alikuja kuchunguza Jamaa, lile kundi la Wakatoliki waliofuata mafundisho ya padri Placide Tempels, lililoanza mwaka 1953 Ruwe, hapa hapa Kolwezi. Wazee wa kambi watakumbuka akina baba na mama wa Jamaa walivyokaa jioni na mafundisho yao. Sasa mwone mwanafunzi huyu amebeba vitabu vyake vinavyomwambia mtafiti atazame: sare, alama, majengo, sherehe. Anafika Musonoi, hakuna cha kutazama! Jamaa hawakuwa na sare wala jengo lao. Walikuwa na maneno. Ilimbidi aweke chini alichofundishwa kutazama, akajifunza kusikiliza, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1971 alitoa makala akidai kwamba ukweli wa utafiti wa namna ile unapatikana katika mazungumzo ya watu wawili wanaoelewana, na makala hiyo inasomwa mpaka leo katika vyuo vya mbali. Iliota mizizi katika kambi ya wachimbaji wetu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi akisema metodolojia ni kitu cha Ulaya, nami nina haki ya kumwuliza ameishi mtaa gani.

"Hayo ni ya maneno, Papa," watasema. "Takwimu je?"

Takwimu pia tunazo, za shaba. Misalaba midogo ya shaba mnaijua. Imo kwenye nembo na kwenye vinyago vya kuuzia wageni. Kando ya ziwa Kisale, huko chini mto Lualaba unakopita, yamefukuliwa makaburi mengi ya kale, na wafu wamezikwa na misalaba hiyo. Pierre de Maret, mwanaakiolojia Mbelgiji, aliichukua mmoja mmoja akaipima. Akagundua kwamba ya zamani zaidi ni mikubwa, michache, na haifanani kimo. Kadiri karne zinavyopita inakuwa midogo, mingi, na inakaribiana vipimo. Kwa nini? Pambo halina haja ya kufanana na pambo la jirani. Fedha inayo haja hiyo, la sivyo muuza chumvi atagoma. Kutokana na misalaba kuacha kutofautiana, De Maret alionyesha kwamba shaba ilikuwa imegeuka fedha karne nyingi kabla ya mkoloni wa kwanza kuukanyaga udongo huu.

Sasa tazama moduli yako, ule ukurasa unaourusha kila ukiufikia. Kuna wastani, na kuna écart-type, mkengeuko sanifu kwa Kiswahili. Wastani unakuambia msalaba wa kawaida una ukubwa gani. Mkengeuko unakuambia misalaba inapishana kiasi gani na huo wa kawaida. Ukiwa mkubwa, kila mhunzi alifua alivyotaka. Ukiwa mdogo, soko limekwisha kuwaamrisha. Mhunzi aliyekosea kipimo aliijua adhabu yake bila fomula. Fomula ni njia fupi tu ya kuandika malalamiko ya muuza chumvi.

Mwalimu wenu pia aliogopa, msidhani. Nilipomaliza chuo, nisichokitaja, nilisimama mbele ya jopo nikiwa nimeandika kwa majivuno kwamba nina "sampuli wakilishi" ya watu 40. Mzee mmoja wa jopo akauliza kwa upole: "Nani hayumo?" Nikatoka jasho. Wote 40 walikuwa majirani wa shangazi yangu. Wasiokuwemo ni mji mzima. Sikuwa nimeelewa neno lile tangu siku ya kwanza, na kwa mwaka mzima sikumwuliza mtu, kwa kuwa niliamini wenzangu wote wanalielewa.

Baadaye sana ndipo nilipokutana na kazi ya Constance Mellon, Mmarekani, iliyochapishwa mwaka 1986. Kwa miaka miwili alisoma shajara za wanafunzi wapatao 6,000 wakieleza walivyojisikia kuanza kutafuta habari maktabani kwa ajili ya kazi zao za utafiti. Katika kila darasa, asilimia 75 hadi 85 walieleza mwanzo wao kwa maneno ya hofu. Kilichonishika zaidi ni walichokiamini: kila mmoja alidhani wenzake wanajua, kwamba kutojua kwake ni aibu, na kwamba akiuliza aibu hiyo itaonekana. Basi anakaa kimya, na jirani yake naye yuko kimya kwa sababu ile ile.

Ukumbini, walau, unaweza kuchungulia daftari la jirani ukalikuta tupu. Mwanafunzi wa masafa hana jirani. Yuko peke yake saa nne usiku, umeme umekatika, simu ina asilimia kumi na mbili, megabaiti zinaisha, na kwenye skrini kuna memwari ya mtu mwingine iliyokwisha kufungwa jalada. Anaona kazi za wenzake zikiwa zimeiva tu, hajawahi kuona moja ikiwa mbichi. Anamwandikia direkta wa kazi yake, jibu linakuja baada ya wiki mbili, na ndani ya wiki mbili kimya kile amekigeuza hukumu.

Nafasi inaniishia, basi niseme haraka. Kwa direkta usiandike "sijaelewa metodolojia," maana hata yeye hatajua aanzie wapi. Andika sentensi moja ulipokwama, na unachodhani ndilo jibu. Tafuteni wenzenu watatu wa moduli ile ile, hata kama mmoja yuko Likasi na mwingine Solwezi, mtumiane kwa WhatsApp kurasa mlizoharibu, si zile nzuri. Ukurasa usioingia kichwani usome kwa sauti, kama Kalundi Mango. Kisha mweleze mama yako kwa Kiswahili. Neno ambalo huwezi kumweleza mama, hilo ndilo hujalielewa, na sasa angalau unalijua kwa jina. Halafu toka nje uwaulize watu watatu kabla hujakamilisha chochote. Watatu wanatosha kukuonyesha swali bovu. Kuwakilisha mji ni habari ya sampuli, nayo itangoja wiki ijayo.

Yule dada wa Manika alitoka. Juzi usiku alinitumia sauti ya dakika nne, mbwa wanabweka nyuma. Alikuwa na maswali kumi, akawafikia akina mama watatu wanaoosha mawe. Swali la tatu liliuliza mapato yao ya kila mwezi. Mama wa kwanza alinyamaza. Wa pili alimwuliza kama ametumwa na watu wa kodi. Wa tatu alicheka mpaka akaweka ndoo chini: "Mwanangu, mwezi ni wa wenye mshahara. Mimi nina siku."

Na mimi ndiye niliyemtuma aulize habari za mwezi.

Alilifuta swali akaandika jingine: jana ulirudi nyumbani na nini? Hilo walilijibu wote watatu, na mmoja akajibu mpaka chumvi na makaa ya kupikia. Mwishoni mwa ile sauti aliniuliza, kwa woga kidogo, kama inaruhusiwa kubadilisha swali baada ya watu watatu tu. Nimemjibu aandike kwenye daftari tarehe aliyolibadilisha, maneno ya yule mama wa tatu, na sababu, kisha ukurasa huo auchane aubandike pale aliposhindwa miezi mitano kuandika kitu, chini ya kichwa kinachosema Metodolojia.