Kuipunguzia Ukali Pikapu Kuukuu

Mtu aliyewahi kupanda nyuma ya pikapu kuukuu, tena tupu, katika barabara yenye makunyanzi, hahitaji kuelezwa habari za kurushwa. Sisi walimu tulikumbushwa jambo hili siku tulipompeleka hospitali mwanachuo aliyevunjika mguu. Kila shimo lilimtoa kilio. Dereva akienda upesi, mgonjwa aliumia. Akienda polepole, tuliona jioni inatukuta njiani. Tuliporudi tulikata shauri kwamba gari lile halina budi kutengenezwa kabla ya kumchukua mgonjwa mwingine.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya zamani. Magari ya jina hili yalianza kutengenezwa mwaka wa 1968, na yale yavutayo kwa magurudumu yote manne yalipotokea mwaka wa 1979 yalikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Springi ya namna hii ni mabamba ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine, marefu juu na mafupi chini, yakafungwa pamoja katikati kwa bolti. Ya nyuma imefanywa ichukue mzigo mzito. Gari likiwa tupu, haina cha kuipinda. Basi ukali kidogo ni tabia ya pikapu, wala si ugonjwa.

Fundi wa kwanza alitushauri tung'oe bamba moja kila upande. Yamkini tungalikubali, kwa kuwa ni kazi ya saa chache na gari hulainika kweli. Lakini gari hilo hilo huchukua mahindi na saruji. Ukipunguza bamba, mabamba yaliyobaki hubeba mzigo wote, na siku ya mzigo mkubwa huweza kuvunjika, mhimili wa magurudumu ukahama mahali pake. Tukaomba kwanza tuonyeshwe springi zenyewe. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu tangu ncha hata ncha.

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha shida. Mwanafunzi na achukue daftari alipinde: hupindika bila taabu, maana kila karatasi huteleza juu ya mwenziwe. Sasa na awaze kwamba kurasa zote zimegandishwa kwa gundi. Daftari limekuwa ubao. Ndivyo yalivyo mabamba. Mabamba mawili yenye unene sawa, yakishikamana kabisa, huwa magumu mara 4 kuliko yanapoteleza. Kutu haishiki kwa nguvu kama gundi, walakini yatosha kuwatesa abiria.

Tulizifungua. Kazi hii si ya mtu asiye na mazoea: gari sharti likae juu ya vigingi imara vya chuma, si juu ya jeki peke yake, na mabamba sharti yabanwe kwa jiliwa kabla ya kulegeza bolti ya katikati, kwa sababu huruka kwa nguvu. Yalisuguliwa kwa brashi ya waya, yakapakwa grafiti, nayo ni kitu kile kile cheusi kilichomo ndani ya penseli. Grisi ya kawaida huteleza vizuri, lakini hushika vumbi, na vumbi letu ni jingi.

Shokapu nazo zilikuwa zimekwisha. Wengi hudhani shokapu hubeba mzigo, sivyo. Kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kuchezacheza baada ya shimo, kwa kusukuma mafuta kupitia vitundu vidogo. Ukiona mafuta yamechuruzika juu yake, au ukibonyeza pembe ya gari kwa nguvu na likaendelea kunesanesa, badilisha zote mbili za mhimili ule.

Aibu yetu kubwa ilikuwa upepo wa matairi. Tulikuwa tukiyajaza kwa ajili ya mzigo, kisha tukisafiri tupu vivyo hivyo, na kibao cha vipimo kimebandikwa mlangoni kwa miaka yote! Siku hizi twapima asubuhi, matairi yangali baridi, kwa kipimo cha gari tupu. Mzigo ukipakiwa, twaongeza. Chini ya kipimo hatushuki, maana tairi legevu hupata moto likapasuka.

Mwisho zilitiwa bushi mpya za mpira. Fundi alitaka kuzikaza gari likiwa bado juu, tukamzuia. Bushi hukazwa gari likisimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira hubaki umejipinda, ukachanika upesi. Bolti zishikazo springi kwenye mhimili tulizikaza tena baada ya safari ya kwanza.

Safari hiyo ilikuwa ya kumrudisha yule mwanachuo kutoka hospitali. Njia ni ile ile na mashimo ni yale yale. Alisinzia.