Sarufi ya Awali ya Kichina kwa Wazungumzaji wa Kiswahili na Kimwani: Hoja ya Lugha ya Kufundishia katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanaeleza misingi ya sarufi ya Kichina Sanifu kama inavyomkabili mwanafunzi anayeanza, ambaye lugha yake ya nyumbani au ya sokoni ni Kiswahili au Kimwani, na ambaye shuleni amesomeshwa kwa Kireno. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya vipengele vinavyohesabiwa kuwa vigumu katika Kichina huwa vigumu kwa sababu vimefasiriwa kwa kupitia Kireno, ilhali Kiswahili kina maumbo yanayokaribiana navyo zaidi. Aidha, makala yanabainisha mahali ambapo Kiswahili chenyewe humpotosha mwanafunzi, na yanatoa mapendekezo kwa watungaji wa mitaala na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Pwani inayoanzia mdomo wa Mto Ruvuma, ikapita Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimba, ni eneo la lugha nyingi. Wamwani huzungumza Kimwani, lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kiswahili kwa msamiati na kwa muundo. Karibu nao wako wazungumzaji wa Shimakonde na Emakhuwa, na Kiswahili hutumika hasa upande wa Palma, kwenye biashara na mawasiliano na watu wa Mtwara. Juu ya lugha hizo zote kipo Kireno, ambacho Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inakitaja katika ibara ya 10 kuwa lugha rasmi.

Kichina kimeingia katika mazingira haya kwa njia ya uchumi. Magogo ya misitu ya Cabo Delgado yamekuwa yakisafirishwa kwenda China kwa miaka mingi. Mwaka 2013 shirika la mafuta la China, CNPC, lilinunua asilimia 20 ya hisa katika Eneo la 4 la gesi la Bonde la Ruvuma. Kijana anayetafuta kazi ya ukalimani, udereva, uhifadhi wa ghala au uuzaji wa samaki ana sababu ya kutaka kuielewa lugha hiyo.

Mafunzo rasmi, hata hivyo, yako mbali naye. Taasisi ya Confucius ya nchini humo iko katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, upande wa pili kabisa wa nchi. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na shambulio la Palma la mwezi Machi 2021, vimewahamisha watu wengi na kuvuruga masomo ya watoto na vijana. Katika hali hiyo, kozi ya Kichina inayomtaka mwanafunzi awe kwanza na Kireno kizuri huwaacha nje wengi miongoni mwa wale ambao ingewafaa zaidi. Swali la lugha ya kufundishia kwa hiyo ni swali la nani atakayeweza kusikia na kusema kwa niaba yake mwenyewe mbele ya mwajiri au mnunuzi.

Mifano yote ya Kichina hapa chini imeandikwa kwa pinyin, yaani mwandiko wa Kichina kwa herufi za Kilatini, na mingi imetolewa katika mazingira ya soko la samaki.

2.0 Kitenzi kisichobeba nafsi

Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na mara nyingi mtendwa: *nitawanunua* ni sentensi kamili. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. *Wǒ mǎi yú* ni 'mimi nunua samaki', *tā mǎi yú* ni 'yeye nunua samaki', na *wǒmen mǎi yú* ni 'sisi nunua samaki'. Umbo *mǎi* hubaki lilivyo.

Mwanafunzi wa pwani hufurahia wepesi huu, lakini kuna mtego. Kwa kuwa katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kireno, kiwakilishi cha nafsi huachwa bila kupoteza maana, yeye hukiacha pia katika Kichina na kusema *mǎi yú* pale ambapo muktadha haujamtaja mtenda. Kanuni ya kumpa ni fupi: kazi inayofanywa na *ni-*, *a-* na *tu-* hufanywa na neno linalosimama peke yake, nalo litajwe mpaka mtenda awe amekwisha kufahamika.

Jambo la pili ni kauli ya kutendea. Kiswahili husema *ninamnunulia samaki* kwa kunyambua kitenzi. Kichina hakinyambui; huweka *gěi* na mnufaika kabla ya kitenzi: *wǒ gěi tā mǎi yú*, yaani 'mimi kwa yeye nunua samaki'.

3.0 Kiambajengo *le*: mahali ambapo Kiswahili hukaribia zaidi

Hakuna kipengele cha sarufi ya awali kinachowasumbua wanafunzi kama *le*. Anayefundishwa kwa Kireno huanza na sentensi kama *wǒ mǎile sān tiáo yú*, ikatafsiriwa kwa *comprei*, naye huhitimisha kwamba *le* ni alama ya wakati uliopita. Baadaye hukutana na *tā lèi le*, ambayo tafsiri yake ya Kireno ni *está cansado*, maelezo ya hali ya sasa. Kanuni aliyojiwekea huvunjika.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hakuna mkanganyiko. Sentensi ya kwanza ni *nimenunua samaki watatu*, na ya pili ni *amechoka*. Kiambishi *-me-* hueleza tendo lililotimia na pia hali mpya iliyotokana na badiliko, na *le* hufanya kazi hizo mbili. *Tā bìng le* ni *ameugua*; *yú guì le* ni *samaki wamekuwa ghali*.

Ulinganifu huu unaendelea katika ukanushi. *Nimenunua* haikanushwi kwa kubakiza *-me-*, husemwa *sijanunua*. Vivyo hivyo, tendo lililotimia likikanushwa kwa *méi*, *le* hii huondoka: *wǒ méi mǎi yú*. Ukiongezwa ubado, *wǒ hái méi mǎi* ni *bado sijanunua*. Kikanushi kingine, *bù*, hukaribiana na *sinunui*: *wǒ bù mǎi* hueleza desturi, kutotaka au kukataa. Mwanafunzi anayetofautisha *sinunui* na *sijanunua* amekwisha kuishika tofauti ya *bù* na *méi* kabla ya somo kuanza.

Uthibitisho wa mwisho kwamba *le* si njeo ni sentensi ya wakati ujao: *míngtiān wǒ mǎile yú jiù huí jiā*, yaani *kesho nikishanunua samaki nitarudi nyumbani*. Hapa *le* husimama mahali pa *-sha-*. Halikadhalika *guo* ina mwenzake: *tā qùguo Pemba* ni *amewahi kwenda Pemba*. Na *zài* kabla ya kitenzi hueleza tendo linaloendelea: *tā zài mǎi yú*, 'yumo katika kununua samaki'.

Daraja hili lina mipaka miwili. Kwanza, *le* hukubali kutajwa pamoja na *zuótiān*, 'jana', pale ambapo Kiswahili hutumia *-li-*: *jana nilinunua samaki watatu* ni *zuótiān wǒ mǎile sān tiáo yú*. Pili, si kila *-li-* hudai *le*. *Jana nilikuwa Pemba* ni *zuótiān wǒ zài Pemba*, na *zamani alikuwa mvuvi* ni *yǐqián tā shì yúmín*, zote bila *le*, kwa kuwa hazielezi tendo lililotimia wala badiliko. Mwalimu afundishe *le* kwa *-me-*, kisha aonye dhidi ya kuilinganisha na *-li-*.

4.0 Maswali

Kireno hutanguliza neno la kuulizia: *o que compras?* Kiswahili huliacha mahali pa jibu: *unanunua nini?* Kichina hufanya kama Kiswahili: *nǐ mǎi shénme?* Vivyo hivyo *nǐ qù nǎr?* ni *unakwenda wapi?* Mwanafunzi akibadilisha *nini* kwa *samaki*, swali hugeuka jibu bila neno jingine kuhama, isipokuwa nafsi.

Swali la ndiyo au siyo huwekewa *ma* mwishoni: *nǐ mǎi yú ma?* Kiswahili huweka *je* mwanzoni, au hutegemea kiimbo tu. Umbo la *nǐ mǎi bù mǎi?* halitamshangaza aliyezoea kusikia *unanunua, hununui?*

5.0 Viainishi na ngeli

Kichina hakiruhusu idadi kugusa nomino moja kwa moja. Kati yake hukaa kiainishi: *sān tiáo yú*, 'samaki watatu', *sān ge rén*, 'watu watatu', *sān zhāng zhuōzi*, 'meza tatu'. *Tiáo* huhusu vitu virefu vinavyopindika, kama samaki, kamba, njia na mto. *Zhāng* huhusu vitu vyenye uso bapa, kama karatasi na meza. *Bǎ* huhusu vitu vya kushikwa kwa mkono, kama kisu na mwavuli.

Kishawishi cha kusema kwamba viainishi ni ngeli ni kikubwa, na kina faida kiasi: anayejua kwamba *watatu*, *vitatu* na *mitatu* si kitu kimoja anakubali kwa urahisi kwamba nomino huwa na makundi. Ila tofauti ni za msingi. Ngeli hutawala upatanisho katika sentensi nzima. Kiainishi hujitokeza hasa penye idadi au kionyeshi, kama katika *zhè tiáo yú*, 'samaki huyu'. Nomino ya Kiswahili kwa kawaida ina ngeli yake. Nomino ya Kichina hubadilisha kipimo kwa kadiri ya kinachohesabiwa, ndipo *yì pán yú* ikawa 'sahani moja ya samaki'.

Mlinganisho unaofaa zaidi umo katika tabaka jingine la Kiswahili: *punje ya mchele*, *mche wa sabuni*, *chane ya ndizi*, *jozi ya viatu*. Mwalimu aanzie hapo, kisha aeleze kwamba Kichina kimeifanya desturi hiyo kuwa sharti kwa karibu kila nomino inayohesabiwa.

6.0 Mpangilio: mahali ambapo Kiswahili hupotosha

Kwa kuwa Kiswahili na Kichina huweka mtenda, kitenzi na mtendwa kwa mfuatano uleule, mwanafunzi hudhani mpangilio wote ni mmoja. Makosa yanayofuata kutokana na dhana hiyo ni matatu.

La kwanza ni mahali. Kiswahili husema *nitanunua samaki Pemba*; Kichina hutanguliza mahali pa tendo: *wǒ míngtiān zài Pemba mǎi yú*, 'mimi kesho katika Pemba nunua samaki'.

La pili ni *shì*. *Mimi ni mvuvi* ni *wǒ shì yúmín*, lakini *samaki ni ghali* ni *yú hěn guì*. Kwa kawaida sifa haihitaji *shì*. *Ni* moja ya Kiswahili huficha tofauti hiyo.

La tatu, lililo zito zaidi, ni *de*. Kiambajengo hiki hufanya kazi ya *-a* unganifu na ya *amba-*, lakini kila kinachoeleza nomino huitangulia nomino hiyo. *Samaki niliyenunua* ni *wǒ mǎi de yú*, 'mimi nunua DE samaki'. Kireno na Kiswahili zote huanza na nomino, kwa hiyo hakuna inayomsaidia mwanafunzi.

Uzito wa *de* huonekana katika mambo ya ujira. *Gōngsī méi gěi qián* ni 'kampuni haijatoa pesa'. *Gōngsī méi gěi de qián* ni 'pesa ambazo kampuni haijatoa'. Sentensi ya kwanza ni dai kamili. Ya pili ni kirai cha nomino tu, kinachosubiri kuambiwa kitu juu yake: kwamba pesa hizo zitalipwa, zimekatwa, au hazidaiwi. Kibarua anayetambua maneno manne ya msamiati bila kuisikia *de* hawezi kujua kama deni lake linakubaliwa au linatajwa tu. Kozi fupi ikilazimika kuchagua, saa za mazoezi ziende hapa.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, utungwe mwongozo mfupi wa sarufi ya Kichina unaotumia Kiswahili kama lugha ya maelezo, pamoja na mifano ya Kimwani iliyothibitishwa na wazungumzaji wenyewe. Uzoefu wa kuanzia upo ndani ya kanda: Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 2005, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Ushirikiano kuvuka Ruvuma una msingi wa kisera pia, kwa kuwa SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019.

Pili, mfuatano wa masomo uzingatie uhusiano wa lugha. Maswali, *le* na vikanushi vyaweza kuja mapema na kupita haraka. Mpangilio wa mahali, *shì* na *de* vipewe muda mrefu na kurudiwa.

Tatu, sarufi isitenganishwe na toni. *Mǎi* ni kununua na *mài* ni kuuza, na kosa la toni hapo hugeuza biashara nzima. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, ila wanafunzi wenye Shimakonde au Emakhuwa wamezoea lugha ambamo toni ina kazi ya kisarufi; mwalimu awatumie kama msaada kwa wenzao.

Nne, hatua hii isichukuliwe kuwa dhidi ya Kireno. Sheria ya Mfumo wa Elimu ya Taifa, namba 18 ya mwaka 2018, imekwisha kuipa elimu ya lugha mbili nafasi nchini Msumbiji. Kinachopendekezwa ni kuipeleka fikra hiyo katika ufundishaji wa lugha ya kigeni.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mzungumzaji wa Kiswahili haingii katika Kichina mikono mitupu. Anacho kiambishi *-me-* kinachofungua maana ya *le*, anao ukanushi unaotenganisha *bù* na *méi*, na anayo maswali yanayokaa mahali pa jibu. Anayo pia mazoea ambayo yatamkwamisha, hasa kuitanguliza nomino mbele ya maelezo yake. Mwalimu asiyeijua lugha ya mwanafunzi hawezi kuzitumia hazina hizo wala kuviona vikwazo hivyo. Kwa watu wa Palma na Mocímboa da Praia wanaoanza tena maisha baada ya vita, tofauti kati ya kozi inayoanzia kwenye lugha yao na ile inayoanzia kwingine ni tofauti kati ya kujisemea na kusemewa.