Pampu ya Upepo si Nguvu za Farasi Pekee

Nawasikia vijana wanaohitimu katika vyuo vya ufundi wakiulizana pampu ya upepo ina nguvu za farasi wangapi. Kwa maoni yangu, hilo si swali la kwanza kwa fundi anayekwenda kuvisha makochi kitambaa nyumbani kwa wateja. Stepla ya upepo huhitaji shinikizo la pauni 70 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba, na kila pini hutumia hewa kidogo mno. Tangi la lita 6 hadi 10 lamtosha. La lita 50 litamlemea ngazini na kummalizia mtaji.

Pampu isiyotumia mafuta ina kelele (majirani watanung'unika!), lakini haitatia madoa ya mafuta kwenye kitambaa cha mwenyewe. Soketi ikiwa mbali, na arefushe mpira wa upepo, wala si waya wa umeme. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volti, mota ikataabika kuanza, hata ikaungua. Kila jioni afungue koki iliyo chini ya tangi, maji yatoke. Yakibaki, kutu hula chuma kwa ndani, na tangi lililoliwa na kutu laweza kupasuka mtu akiwa kando yake. Walimu wenzangu, haya tunayafundisha lini?