Je, Wajua? Namba Moja, Figo Tofauti

Kijana wa miaka 25, mbeba magunia ya mahindi sokoni Babati, na bibi wa miaka 75 wanaweza kupimwa damu asubuhi moja wakapata kreatinini ileile: maikromoli 110 kwa lita. Kwa hesabu ya maabara, figo za kijana zinachuja takriban mililita 82 kwa dakika. Za bibi, 45 tu.

Kreatinini ni taka ya misuli. Kijana ana misuli mingi, huizalisha kwa wingi. Bibi amekonda, kwake 110 ni nyingi mno. Ndiyo maana umri na jinsia huingizwa kwenye hesabu. Taja umri wako sahihi, tafadhali.

Hata nyama choma ya jana usiku huweza kuipandisha namba. Moto hugeuza kreatini iliyomo kwenye nyama kuwa kreatinini, nawe unaimeza tayari.

Kipimo kimoja hakithibitishi ugonjwa sugu. Uchujaji ukiwa chini ya 60, lazima udumu hivyo kwa zaidi ya miezi 3. Kuharisha na kuishiwa maji mwilini kwaweza kuushusha kwa siku chache tu.

La kutisha zaidi: figo huweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake huku kreatinini ikisomeka kawaida. Huumwi popote. Protini kwenye mkojo huweza kutangulia kuonekana. Mwenye kisukari au presha, usiishie kwenye damu. Omba na kikopo cha mkojo.