Askari kanzu asiye askari

“Askari kanzu” ni jina la zamani katika pwani yetu, nalo halina fumbo kubwa: ni askari aliyevua sare akavaa kama watu wengine ili achunguze pasi na kutambulikana. Wanafunzi wangu wa isimu hulipenda, maana linaonyesha jinsi Kiswahili kinavyochukua maneno mawili ya kawaida kikazaa dhana ya tatu. Leo nalitaja kwa sababu nyingine. Katika mji wa Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana, mgeni mwenye daftari mkononi na viatu visivyo na tope, akianza kuuliza maswali, hudhaniwa kuwa ndiye huyo, awe ametumwa na serikali au ametumwa na tajiri wa mbali anayetaka kujua shamba fulani lilikuwa la nani.

Huyo wa pili ndiye mpelelezi wa kibinafsi. Hulipwa na mtu au kampuni atafute habari za mtu mwingine: mdaiwa alikohamia, mume alikolala, ajali ya barabarani ilivyotokea, ardhi iliyorithiwa na nani. Kazi hiyo si haramu, na pengine huwafaa wanyonge ambao faili zao zimelala kituoni. Wachunguzi wa bima wana usajili wao chini ya Sheria ya Bima. Kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi, nambari 13 ya mwaka 2016, iliyounda mamlaka ya kuwasajili walinzi na kampuni zao, na katika orodha ya huduma hizo ikataja pia kazi ya mpelelezi wa kibinafsi.

Kutajwa ni hatua, lakini mahali alipotajwa pananitia shaka. Mpelelezi amewekwa safu moja na bawabu. Bawabu hulinda mali ya aliyemwajiri. Mpelelezi huingia katika mambo ya mtu ambaye hakumwajiri, ambaye huenda hajui kuwa anachunguzwa, wala hataonyeshwa ripoti. Leseni ya bawabu imetimiza kazi yake ikimhakikishia mwajiri kwamba hakuajiri mwizi. Ya mpelelezi yapasa imkinge anayeulizwa.

Hebu nilinganishe na kazi yangu mwenyewe. Nikitaka kwenda Ngao au Golbanti kurekodi jinsi Wapokomo wanavyotamka majina ya ndizi, sharti niombe kibali cha tume ya kitaifa inayosimamia utafiti wa kisayansi, kisha niripoti kwa Kamishna wa Kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu kabla sijawasha kinasa sauti. Silalamiki (ingawa hizo foleni!). Ninachostaajabia ni kwamba anayekuja kuuliza mpaka wa shamba hana desturi ya kubisha hodi katika ofisi hizo.

Na katika delta, swali la mpaka si jepesi. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo, walio wakulima, na Waorma, walio wafugaji. Riketa na Kilelengwani ni miongoni mwa vijiji vilivyoumia zaidi. Kiini cha ugomvi kilikuwa mashamba, malisho na malka, yaani njia za mifugo za kuyafikia maji ya mto. Mgeni akionekana jioni akihesabu ng'ombe katika boma moja, kijiji cha pili kitakuwa na habari kabla ya alfajiri, nacho kitazifasiri kijuavyo chenyewe.

Niliwahi kuketi na mzee mmoja nje ya duka pale Garsen nikimwuliza maneno ya kilimo cha mpunga. Alinijibu matatu, akanyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, kwanza niambie umetumwa na nani.” Nilimpa kibali. Alikitazama pande zote mbili akanirudishia. Kilikuwa cha Kiingereza. Mjukuu wake ndiye aliyemfasiria, mstari kwa mstari, ndipo tukaendelea.

Hapa ndipo isimu inapokutana na sheria. Kiswahili hutumia neno “mpelelezi” kwa afisa wa polisi wa makosa ya jinai na kwa mtu wa kukodiwa vilevile. Anayesema “Mimi ni mpelelezi” hajadanganya, lakini msikilizaji amesikia “polisi”, na hujibu kwa hofu ya pingu. Neno limemkopesha mamlaka ambayo sheria haikumpa: hawezi kumwita mtu kituoni, wala hawezi kupekua nyumba. Wanafunzi watanikumbusha Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960 alifumbua mafumbo bila cheti chochote. Naam, lakini Bwana Msa alidhaminiwa na mwandishi wake. Huyu wa Garsen hana mdhamini ila anayemlipa.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na kutotakiwa kutoa habari za jamaa yake au mambo yake ya binafsi pasipo haja. Kifungu cha 50 kinaitaka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, iwapo kuupokea kutaharibu uadilifu wa kesi. Mahakama Kuu ipo papo hapo Garsen. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe haifiki mahakamani.

Napendekeza basi leseni ya mpelelezi iandikwe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Nyuma yake ziwepo sentensi tatu, naye azisome kwa sauti kabla ya swali la kwanza. Na mbele ya mzee asiyejua ila Kiorma au Kipokomo, zifasiriwe na mtu aliyechaguliwa na mzee mwenyewe. Sentensi hizo ni hizi: “Mimi si polisi. Nimelipwa, sikutumwa na serikali. Huna wajibu wa kunijibu.” Ni maneno 11, yanaenea nyuma ya kadi ndogo.